Hospitali za Birmingham: Nani Huongoza, na Nani Hutoa Majibu ya Vipimo

Maelezo kwa wagonjwa na familia zao wasomao Kiswahili

Mgonjwa aingiapo katika hospitali kubwa mjini Birmingham hukutana na watu wengi kwa siku moja. Mmoja humpokea mezani, wa pili humpima shinikizo la damu, wa tatu humpeleka katika chumba cha picha, na wa nne humwambia arudi nyumbani asubiri barua. Kila mmoja hujitambulisha kwa jina, lakini hakuna asemaye kwamba yeye ndiye mkubwa wa wote. Wiki zinapita, barua haijafika, na mgonjwa hajui amwendee nani. Wengine huamua kwamba kimya maana yake ni uzima. Mara nyingi huwa hivyo kweli. Lakini zipo nyakati ambapo sivyo, na hizo ndizo zinazogharimu maisha.

Kipeperushi hiki kinaeleza jinsi hospitali za jiji hili zilivyopangwa, nani ana madaraka gani, na hususan jinsi idara ya picha inavyofanya kazi, yaani idara ya eksirei, ultrasaundi, CT na MRI. Mgonjwa aujuaye mpangilio huo hujua pia mlango wa kubisha.

Hospitali si jengo moja

Huduma ya Taifa ya Afya, ijulikanayo kwa herufi NHS, ilianzishwa tarehe 5 Julai 1948. Hospitali zake huendeshwa na taasisi ziitwazo trasti. Trasti moja yaweza kuwa na hospitali kadhaa, na jiji moja laweza kuwa na trasti kadhaa. Birmingham iko hivyo.

Trasti iliyo kubwa kuliko zote hapa ni University Hospitals Birmingham. Ina hospitali nne: Queen Elizabeth iliyoko Edgbaston, Heartlands iliyoko Bordesley Green, Good Hope iliyoko Sutton Coldfield, na Hospitali ya Solihull. Hospitali hizi hazikuwa chini ya uongozi mmoja tangu awali. Ziliunganishwa Aprili 2018.

Upande wa magharibi wa jiji uko chini ya trasti ya Sandwell and West Birmingham. Hospitali yake mpya, Midland Metropolitan, ilifunguliwa Smethwick Oktoba 2024 na kuchukua huduma za dharura zilizokuwa zikitolewa katika Hospitali ya City na ile ya Sandwell. Majengo hayo mawili ya zamani hayakufungwa kabisa. Baadhi ya kliniki na vipimo vingali huko.

Hospitali ya watoto iliyoko Steelhouse Lane, katikati ya jiji, na hospitali ya wanawake iliyoko Edgbaston ni za trasti moja, iliyoundwa mwaka 2017. Hospitali ya mifupa, Royal Orthopaedic, iliyoko Northfield, ni trasti ya peke yake. Huduma za afya ya akili zina trasti yake, na huduma za majumbani na za mitaani nazo zina yake.

Mpangilio huu una maana kwa mgonjwa. Mtu aliyezoea kutibiwa Heartlands anaweza kuitwa Solihull kwa kipimo, kwa sababu zote mbili ni za trasti moja. Vipimo vingine hufanyika nje ya hospitali kabisa, katika vituo vya vipimo vya mitaani kama kile cha Washwood Heath. Kwa hiyo barua ya miadi isomwe hadi mwisho: jina la hospitali, jina la jengo, na ghorofa. Aliyefika hospitali siyo, hata kama amefika kwa wakati, huweza kuhesabiwa kuwa hakuja.

Nani yuko juu

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki kiongozi hujulikana kwa sura: ni mganga mfawidhi, naye ni daktari. Birmingham si lazima iwe hivyo. Kila trasti huongozwa na bodi ya wakurugenzi. Mkurugenzi mtendaji mkuu ndiye aendeshaye shughuli za kila siku. Anaweza kuwa daktari, muuguzi, au mtu wa utawala asiyewahi kutibu mgonjwa. Pamoja naye wapo mkurugenzi wa tiba, ambaye ni daktari, mkurugenzi wa uuguzi, na wakurugenzi wa fedha na wa shughuli za hospitali. Upande wa pili wa meza hukaa wakurugenzi wasio watendaji, wakiongozwa na mwenyekiti wa bodi. Hawa si waajiriwa wa wodini wala wa ofisini. Kazi yao ni kuhoji na kukagua yale yafanywayo na watendaji.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na msomaji anaweza kujiuliza iwapo wakubwa wote hawa hawagongani. Jibu ni kwamba kila mmoja amewekewa mpaka wake. Muuguzi wa wodi humjibu kiongozi wa wodi, kiongozi wa wodi humjibu metroni, na metroni humjibu mkurugenzi wa uuguzi kupitia wakuu wa uuguzi walio kati yao. Madaktari nao wana ngazi yao, na idara ya picha ina yake. Ngazi zote huishia kwenye bodi, na bodi ndiyo itakayohojiwa jambo likiharibika.

Baadhi ya trasti, ikiwemo ile ya Queen Elizabeth na ile ya hospitali za wanawake na watoto, zina pia baraza la magavana. Magavana wengi huchaguliwa kwa kura na wanachama wa trasti, na mwanachama si lazima awe tajiri wala msomi. Mkazi wa kawaida huweza kujiandikisha bila malipo. Baraza hilo ndilo liteualo mwenyekiti wa bodi na wakurugenzi wasio watendaji. Aidha, mikutano ya bodi hufanyika hadharani, ingawa baadhi ya mambo ya siri hujadiliwa faraghani. Mzungumzaji wa Kiswahili ana haki ile ile ya kuhudhuria kama mkazi mwingine yeyote.

Juu ya trasti ipo bodi ya huduma jumuishi ya Birmingham na Solihull, iliyoundwa Julai 2022 ili kupanga na kugharamia huduma za eneo hili. Juu zaidi ipo NHS England, ambayo serikali ilitangaza Machi 2025 kwamba itaunganishwa na Wizara ya Afya. Kando ya ngazi hii yupo mkaguzi: Tume ya Ubora wa Huduma, ijulikanayo kwa herufi CQC. Tume hii hukagua hospitali na kuzipa daraja moja kati ya manne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, au isiyotosheleza. Hospitali hutakiwa kisheria kuonyesha daraja yake hadharani.

Idara ya afya ya jamii, iliyo chini ya halmashauri ya jiji tangu Aprili 2013, hushughulikia kinga na afya ya wakazi wote. Haiongozi hospitali, wala haiwezi kuamuru miadi iharakishwe.

Ndani ya wodi na kliniki

Mgonjwa aliyelazwa huwa chini ya daktari bingwa mmoja. Jina lake aghalabu huandikwa kwenye ubao ulio juu ya kitanda au karibu nacho. Huenda mgonjwa asimwone kila siku, kwani madaktari wa chini yake ndio wapitao wodini mara nyingi. Lakini dhamana ya matibabu ni ya bingwa huyo. Hali kadhalika kwa mgonjwa wa nje: barua ya kliniki hutaja jina la daktari bingwa, na jina hilo lihifadhiwe. Mtu apigaye simu akisema "nilionwa na daktari kijana mwenye miwani" atahangaika. Asemaye "mimi ni mgonjwa wa kliniki ya daktari fulani, nambari yangu ya NHS ni hii" atasaidiwa upesi.

Kiongozi wa wodi ni muuguzi mkuu, ambaye wengi bado humwita sista. Wodi kadhaa huwa chini ya metroni. Mambo ya usafi, chakula cha halali, nafasi ya kuswali, saa za kutembelea wagonjwa na heshima ya mgonjwa huanza kwa sista, na yasipotatuliwa hufika kwa metroni. Hospitali pia zina wahudumu wa kiroho wa dini mbalimbali, wakiwemo maimamu, na muuguzi yeyote anaweza kuombwa awaite.

Idara ya picha na sababu ya masharti yake

Birmingham ina historia ndefu katika elimu ya eksirei. Mionzi hiyo iligunduliwa Ujerumani na Wilhelm Röntgen mwishoni mwa mwaka 1895. Wiki chache tu baadaye, Januari 1896, daktari wa Birmingham aitwaye John Hall-Edwards alipiga picha ya mkono uliokuwa na sindano ndani, na mwezi uliofuata picha ya eksirei ilitumika kumwongoza mpasuaji. Wakati huo hakuna aliyejua madhara ya mionzi. Hall-Edwards aliendelea kuitumia bila kinga hadi mikono yake ikaharibika, na mwaka 1908 mkono wake wa kushoto ulikatwa. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowaonya wenzao mapema.

Masharti ya leo yanatokana na maumivu ya watu kama yeye. Kanuni za mwaka 2017 kuhusu mionzi katika tiba zimegawa wajibu kwa watu wanne, na hakuna awezaye kumtupia mwenzake mzigo wake.

Wa kwanza ni mwajiri, yaani trasti yenyewe. Lazima iwe na taratibu za maandishi, mashine zilizokaguliwa, na wafanyakazi wenye sifa.

Wa pili ni mtoa rufaa. Huyu ni daktari wa familia, daktari wa kliniki, au mtaalamu mwingine aliyeidhinishwa, ambaye huomba kipimo na kueleza sababu.

Wa tatu ni mwidhinishaji. Huyu, ambaye mara nyingi ni daktari bingwa wa radiolojia au radiografa mwenye mafunzo, hupima iwapo faida ya picha inazidi madhara ya mionzi. Ana mamlaka ya kulikataa ombi au kulibadilisha. Mgonjwa aambiwaye kwamba CT yake imebadilishwa kuwa ultrasaundi asidhani amenyimwa haki au amechaguliwa kipimo cha bei rahisi. Yawezekana amekingwa na mionzi asiyoihitaji.

Wa nne ni mtekelezaji, ambaye aghalabu ni radiografa. Huyu ndiye mgonjwa anayemwona: humwita, humwuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, humweka sawa, kisha hupiga picha. Maswali hayo huulizwa hata kama mgonjwa ameulizwa mara tatu siku hiyo. Si dharau wala kutomwamini. Ni kuhakikisha kwamba mtu siye hapigwi picha ya mwenzake.

Idara yenyewe huongozwa na daktari bingwa kiongozi kwa upande wa tiba, na meneja wa huduma za picha, ambaye mara nyingi ni radiografa mzoefu, kwa upande wa uendeshaji. Nyuma yao wapo wataalamu wa fizikia ya tiba wanaopima mashine, wasaidizi, makarani wa miadi, na wahudumu wanaosukuma vitanda.

Vipimo vikuu na mambo ya kusema kabla

Eksirei hutumia mionzi kidogo. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa mionzi inayolingana na ile ambayo kila mtu huipata kwa siku chache kutoka ardhini na angani. CT hutumia mionzi zaidi; baadhi ya picha zake hulingana na mionzi ya asili ya miaka michache. Ndiyo maana haipigwi bila sababu ya maana. Ultrasaundi na MRI hazitumii mionzi ya aina hiyo.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu nyingi, nayo haizimwi baina ya mgonjwa na mgonjwa. Kabla ya kuingia, mgonjwa hujaza fomu ya maswali, na hapo ukweli wote unahitajika. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu za upasuaji, au chembe ya chuma iliyowahi kuingia jichoni lazima aseme. Vilevile aliyewahi kupigwa risasi au kujeruhiwa na bomu, na kipande kikabaki mwilini, lazima aseme, hata kama ni habari ambayo hajawahi kumwambia mtu katika nchi hii. Radiografa haulizi kwa ajili ya polisi wala uhamiaji. Anauliza kwa sababu sumaku huweza kukisogeza kipande hicho. Wahenga hawakukosea waliposema mficha uchi hazai.

Pini za hijabu, hirizi yenye chuma, vikuku, na vipodozi vya macho vyenye chembe za madini huondolewa kabla ya MRI. Hijabu isiyo na chuma kwa kawaida huweza kubaki, au kubadilishwa na kitambaa kingine, mgonjwa aulize. Anaweza pia kuomba kuhudumiwa na mwanamke, na ni vyema aombe mapema, siku apatapo barua, kwani si kila zamu, hasa usiku au wakati wa dharura, itakuwa na mwanamke wa kazi hiyo. Anaweza vilevile kuomba msindikizaji awepo chumbani. Ultrasaundi ya ndani kwa wanawake haifanywi bila ridhaa. Ambaye hajaolewa, au asiyetaka kipimo hicho, aseme, na njia nyingine itajadiliwa.

Kabla ya eksirei au CT ya tumbo na nyonga, wanawake na wasichana waliokwisha kuvunja ungo huulizwa kama huenda wana mimba. Huulizwa wote, mke na asiye mke, binti wa shule na mama mtu mzima. Si tuhuma dhidi ya mtu. Ni vyema binti aachwe ajibu faraghani, bila mzazi kumjibia.

Vipimo vingine, kama ultrasaundi ya tumbo, huhitaji mgonjwa asile kwa saa kadhaa. Vingine, kama baadhi ya ultrasaundi za nyonga, huhitaji anywe maji mengi. Miadi ikiangukia mwezi wa Ramadhani na mgonjwa amefunga, apige simu kwa nambari iliyo kwenye barua na kueleza. Kipimo kisicho cha haraka kinaweza kusogezwa. Kilicho cha haraka, hususan cha kutafuta saratani, kisiahirishwe bila kuzungumza na daktari. Mwenye kisukari, na atumiaye dawa za figo au metformin, amjulishe radiografa kabla ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha.

Picha haina bahasha

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki mgonjwa hulipia kipimo dirishani, hupigwa picha, kisha hukabidhiwa filamu au CD ndani ya bahasha na kuipeleka kwa daktari kwa mkono wake. Bahasha ikiwa mkononi, mgonjwa anajua ilipo habari yake.

Birmingham bahasha hiyo haipo. Mwenye haki ya matibabu ya NHS halipii kipimo. Baadhi ya wageni huweza kutozwa huduma za hospitali, lakini wakimbizi na waombaji hifadhi ambao maombi yao yanashughulikiwa hawatozwi, na matibabu ndani ya idara ya dharura ni bure kwa kila mtu. Picha huhifadhiwa katika kompyuta za hospitali, na safari yake haionekani na mgonjwa. Safari hiyo iko hivi.

Radiografa hupiga picha. Kwa kawaida hatoi majibu, hata akiombwa, kwa sababu kuisoma picha na kuandika ripoti ni kazi ya daktari bingwa wa radiolojia au radiografa aliyesomea usomaji wa picha. Uso wake usiobadilika si ishara ya habari mbaya wala njema.

Msomaji wa picha huandika ripoti. Akiona jambo la hatari ya papo hapo, humpigia simu daktari mhusika bila kungoja.

Ripoti hurudi kwa mtoa rufaa. Aliyeomba kipimo ndiye mwenye wajibu wa kuisoma ripoti na kuchukua hatua. Daktari wa familia akiomba eksirei, jibu humrudia yeye. Kliniki ya Heartlands ikiomba, jibu huenda kwa daktari wa kliniki ya Heartlands, na daktari wa familia huenda asijue lolote mpaka aandikiwe.

Mtoa rufaa humjulisha mgonjwa, kwa barua, simu, ujumbe, programu ya simu ya NHS, au katika miadi ifuatayo.

Katika idara ya dharura kuna jambo moja la ziada. Daktari wa zamu huitazama picha papo hapo na kuamua la kufanya, lakini ripoti rasmi huweza kuandikwa baadaye. Ikiwa ripoti hiyo itaonyesha jambo ambalo halikuonekana usiku ule, hospitali humtafuta mgonjwa. Itampata tu ikiwa nambari ya simu na anwani ni sahihi. Familia zinazohamishwa kutoka makazi ya muda hadi mengine ndizo zilizo hatarini zaidi hapa. Kila baada ya kuhama, anwani mpya ipelekwe mahali pawili: kwa daktari wa familia, na kwa kila hospitali ambayo mgonjwa anasubiri miadi au majibu yake.

Mwaka 2019 chombo cha kitaifa kilichokuwa kikichunguza usalama wa tiba kilitoa ripoti kuhusu picha zilizoonyesha dalili nzito lakini hazikufuatiliwa. Kisa kilichochunguzwa kilikuwa cha mwanamke ambaye eksirei ya kifua chake ilionyesha uwezekano wa saratani ya mapafu. Picha ilipigwa ipasavyo na ikasomwa ipasavyo. Kilichokatika ni kiungo kati ya ripoti na hatua iliyopasa kufuata. Chombo hicho kilipendekeza kwamba mgonjwa mwenyewe ajulishwe, ili awe kinga ya mwisho.

Kwa hiyo kimya si jibu. Mgonjwa asitoke katika chumba cha daktari, wala cha picha, bila kujua mambo matatu: majibu yatakwenda kwa nani, yatachukua muda gani, na nambari gani ipigwe muda huo ukipita. Muda ukipita, apige. Si usumbufu wala utovu wa adabu. Kipimo cha kawaida hukusudiwa kifanyike ndani ya wiki 6 tangu kuombwa. Kwa mtu aliyepewa rufaa ya haraka kwa kushukiwa saratani, lengo ni aambiwe kama anayo au hana ndani ya siku 28. Malengo haya hayafikiwi kila mara, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuliza.

Haki ya mkalimani

Hospitali ina wajibu wa kutafuta mkalimani bila malipo kwa mgonjwa anayemhitaji, uso kwa uso, kwa simu au kwa video. Mtoto asitumiwe kutafsiri habari za tiba za mzazi wake. Hata ndugu mtu mzima huweza kupunguza makali ya habari kwa huruma, na mgonjwa akaondoka bila kuujua ukweli wa mwili wake. Ombi litolewe mara tu barua ipatikanapo, na Kiswahili kinachohitajika kitajwe: aliyekulia Bukavu, aliyekulia Mombasa na aliyekulia Barawa hawatumii maneno yale yale. Mkalimani huapa kutunza siri. Ikiwa mgonjwa anafahamiana naye katika jamii na haoni raha, anaweza kuomba mwingine bila kueleza sababu.

Mambo yakienda kombo

Hatua ya kwanza ni kusema na aliye karibu: sista wa wodi, metroni, meneja wa idara ya picha, au katibu wa daktari bingwa. Katibu huyo ni mtu muhimu ambaye wagonjwa wengi hawajui kwamba yupo. Yeye ndiye ajuaye barua imefikia wapi.

Hatua ya pili ni ofisi ya ushauri kwa wagonjwa, iitwayo PALS, ambayo hupatikana katika kila trasti. Ofisi hii husikiliza, hufuatilia miadi na majibu yaliyopotea, na husaidia bila malipo.

Hatua ya tatu ni malalamiko rasmi, kwa maandishi au kwa mdomo, ndani ya miezi 12 tangu jambo kutokea au kujulikana. Mgonjwa asiporidhika na jibu, anaweza kwenda kwa mchunguzi huru wa malalamiko aitwaye Ombudsman wa Bunge na Huduma za Afya. Kulalamika hakumwondolei mtu haki ya matibabu. Tangu 2014 sheria inaitaka hospitali yenyewe imweleze mgonjwa na kumwomba radhi ikiwa kosa limemdhuru kwa kiasi kikubwa, hata kama hakujua wala hakuuliza.

Kwa aliyelazwa na hali yake ikizidi kuwa mbaya, upo utaratibu wa haraka zaidi. Baada ya kifo cha Martha Mills, msichana wa miaka 13 aliyefariki 2021 ilhali wasiwasi wa wazazi wake haukuzingatiwa, ulianzishwa mwaka 2024 utaratibu unaoitwa kwa jina lake. Hospitali zinazoufuata humpa mgonjwa au jamaa yake nambari ya kuita timu nyingine ya wataalamu impime upya, saa yoyote. Jamaa amuulize muuguzi siku ya kwanza: "Utaratibu wa Martha unapatikana wodi hii? Nambari yake ni ipi?"

Maswali ya kwenda nayo

Maswali haya yanaweza kukatwa na kuwekwa pamoja na barua ya miadi.

• Jina la daktari bingwa mwenye dhamana yangu ni nani?
• Kipimo hiki ni cha kutafuta nini, na kina mionzi?
• Majibu yatakwenda kwa nani?
• Nitajulishwa kwa njia gani, na baada ya muda gani?
• Muda huo ukipita, nipige nambari ipi?
• Anwani na simu yangu katika kumbukumbu zenu ni zipi?

Kwa ushauri usio wa dharura, simu ipigwe 111, na mkalimani aombwe kwa kutaja neno "Swahili". Kwa hatari ya maisha, kama maumivu makali ya kifua, kupooza kwa ghafla, kushindwa kupumua au damu isiyokatika, simu ipigwe 999 bila kungoja barua wala miadi.